KINANDA CHA UMEME NA JINSI YA KUKITUMIA



Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya kinanda cha umeme kilichonunuliwa kwa michango ya wanafunzi wa zamani. Nimekubali upesi, maana jambo lenyewe lina haraka. Watu wanaojua kukiwasha kinanda hiki, kukitumia na kukizima sawasawa ni watatu tu, na sote watatu tumo mwaka wa sita. Mwezi wa Julai tutafanya mtihani wa taifa, kisha tutakwenda zetu. Ikiwa hapana mtu atakayeishika kazi hii kabla ya siku hiyo, najua yatakayotokea: kinanda kitafungiwa kabatini, ufunguo utawekwa mahali pema, na waimbaji wetu watarudi kukisia sauti ya kuanzia. Kinanda kinaweza kuharibika kwa kutumiwa vibaya, lakini huharibika pia kwa kuogopwa. Basi someni pole pole, kisha njoni mjaribu kwa mikono yenu.

KINANDA HIKI NI KITU GANI?

Piano ya kwanza ilitengenezwa na Mwitalia, Bartolomeo Cristofori, katika mji wa Florence, karibu na mwaka 1700. Ndani yake mlikuwa na kamba za chuma na nyundo ndogo. Ukigonga kibao, nyundo hurukia kamba, nayo hulia. Piano ya namna hiyo, hata ya siku hizi, ina kamba zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu nyingi juu ya ubao na chuma. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Sisi wakazi wa Kigali twajua majira yetu: Itumba mvua hunyesha sana, Impeshyi vumbi hutanda kila mahali. Kwa sababu hiyo piano ya kamba hupoteza sauti zake mara kwa mara, na hapana budi kumwita fundi wa kuzipatanisha. Ni kama inanga yetu: mpigaji hawezi kuanza kuimba kabla hajaisikiliza na kuikaza.

Kinanda cha umeme hakina kamba hata moja. Sauti ya piano kubwa ilipigwa na kunaswa, ikawekwa katika kumbukumbu ya chombo kwa hesabu za tarakimu, kama vile picha inavyowekwa ndani ya simu. Ukigonga kibao, chombo hutoa sauti iliyowekwa. Lakini chajuaje kama umegonga kwa nguvu au kwa upole? Chini ya kila kibao mna vipima mwendo. Kibao kikishuka, chombo hupima muda uliopita tangu kilipopita mahali pa kwanza hata mahali pa pili. Muda ukiwa mfupi, maana yake umegonga kwa nguvu, na sauti hutoka kubwa. Muda ukiwa mrefu, sauti hutoka ndogo. Kipimo hicho huandikwa kwa namba kuanzia 1 hata 127, kwa kanuni iitwayo MIDI. Kanuni hiyo ilitangazwa mwaka 1983, na waliohangaika sana ipatikane ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Ndiyo sababu kinanda cha kampuni moja chaweza kuzungumza na kompyuta au kinanda cha kampuni nyingine.

Chetu ni Yamaha P-45. Kina vibao 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36, sawa na piano kamili. Uzito wake ni kilo 11 na nusu. Vibao vya kushoto, vya sauti nene, ni vizito kidogo kuliko vya kulia, kama ilivyo katika piano ya kweli. Kina aina kumi za sauti: piano, piano ya umeme, kinanda cha kanisa, vinubi vya kugongwa, nyuzi na nyinginezo. Tena chaweza kutoa sauti 64 kwa wakati mmoja.

Yafaa pia kujua kwamba mwanzilishi wa kampuni hiyo, Torakusu Yamaha, aliingia katika kazi ya vinanda mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule moja katika mji wa Hamamatsu, huko Japani. Alikifungua, akakitazama, akakielewa, kisha akajaribu kuunda cha kwake. Asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya wataalamu tu.

KUKIWEKA MAHALI PAKE

Kinanda kibebwe na watu wawili, mmoja huku na mmoja huku, wala kisivutwe. Kwanza simamisha miguu yake mahali pa sawa, ujaribu kuitikisa kwa mkono. Ikiyumba, kaza skrubu kabla ya kuweka kinanda juu yake. Usikiweke karibu na dirisha, maana jua la mchana hupasha moto plastiki, na mvua ya upepo huingia bila kubisha hodi. Usikiweke juu ya meza ya darasani iliyo ndefu mno: mpigaji atainua mabega, na baada ya nusu saa atachoka.

Mpigaji akae hata viwiko vyake viwe sawa na vibao au juu yake kidogo tu. Kiti kikiwa kifupi, weka ubao au mto. Akae katikati. Na katikati ni wapi? Tafuta Do ya kati. Tazama vibao vyeusi: vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Kibao cheupe kilicho kushoto kabisa kwa kila kundi la viwili ni Do. Do ya kati ni kibao cheupe cha 24 ukihesabu kutoka mwisho wa kushoto. Hesabu mara moja tu, kisha ujizoeze kukitafuta kwa macho.

MAMBO YA UMEME

Sehemu hii naomba isomwe mara mbili. Mahali fulani nisipopataja niliona kinanda kizuri kilichokufa katika dakika moja. Kilikuwa kimeletwa kutoka ng’ambo pamoja na adapta yake. Mtu akaichomeka ukutani bila kusoma maandishi. Moshi ulitoka, na hadithi ikaishia hapo. Umeme wa Rwanda ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni 100. Adapta iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake haiwezi kuvumilia umeme wetu.

Basi kabla ya kuchomeka adapta yoyote, soma maandishi madogo mgongoni mwake. Yako mambo matatu ya kutazama. Kwanza, umeme uingiao: lazima 230 iwe ndani ya hesabu iliyoandikwa, kwa mfano 220 hata 240, au 100 hata 240. Pili, umeme utokao: kinanda chetu chataka volti 12. Adapta nyingi za kompyuta hutoa volti 19, na ingawa kichwa chake chaweza kuingia katika tundu, kuingia si kufaa. Tatu, alama ndogo ya kujumlisha na kutoa, inayoonyesha upande upi wa kichwa ni wa kujumlisha. Alama ya adapta na alama ya kinanda ziwe sawa. Ukiona shaka katika moja ya hayo matatu, acha, ukaulize.

Kuunganisha kuna utaratibu wake. Anza nyuma ya kinanda: chomeka kichwa cha adapta katika tundu lake. Kisha chomeka kikanyagio. Mwisho ndipo uchomeke plagi ukutani. Wakati wa kufungasha, anza ukutani, umalizie kwenye kinanda. Hivyo waya wenye umeme hautaning’inia mkononi mwako.

Na radi zikianza kupiga juu ya vilima vyetu, kuzima kwa kitufe hakutoshi. Chomoa plagi ukutani. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, endeleeni kuimba, na mmoja achomoe plagi pole pole. Ukirudi, subirini dakika chache kabla ya kuchomeka tena, maana mara nyingi hurudi kwa kishindo, kisha hukatika mara ya pili.

KUWASHA

Kwanza shusha kipimo cha sauti hata mwisho wa chini. Pili, hakikisha hapana mguu juu ya kikanyagio. Jambo hili wengi hawalijui: kinanda kinapowaka hukitazama kikanyagio na kukikariri jinsi kilivyo. Kikikanyagwa wakati huo, kitafanya kazi kinyume: ukikanyaga sauti hukatika, ukiachia sauti huendelea. Watu hudhani kimeharibika, kumbe dawa ni kuzima, kuinua mguu, na kuwasha tena.

Tatu, bonyeza kitufe cha kuwasha, ungoje taa ndogo. Nne, gonga kibao kimoja huku ukipandisha sauti kidogo kidogo. Kwa mazoezi chumbani nusu ya kipimo yatosha.

Tena kinanda hiki kina tabia ya kujizima chenyewe kisipoguswa kwa muda wa nusu saa hivi, ili kisile umeme bure. Nyumbani ni tabia njema. Lakini katika mkutano mrefu, mpigaji ataweka vidole juu ya vibao na hapatatoka kitu. Ukijua kwamba hotuba zitakuwa ndefu, washa kinanda huku umeshikilia kibao cha mwisho kabisa kushoto, na tabia hiyo itaondoka.

VITUFE NA KAZI ZAKE

Mtu akikitazama kinanda chetu hushangaa kwamba vitufe ni vichache hivi. Kuna cha kuwasha, kuna kipimo cha sauti, na kuna kimoja tu kilichoandikwa GRAND PIANO/FUNCTION. Kazi nyingine zote hufanywa kwa kukishikilia hicho kimoja huku ukigusa kibao fulani. Kila kibao kimepewa kazi yake katika kitabu cha maelezo. Nasi tumenakili orodha hiyo kwa mkono na kuibandika nyuma ya kinanda, ili kitabu chenyewe kisichakae. Hizi ndizo kazi za lazima:

Sauti. Shika kitufe, gusa kibao cha sauti uitakayo, kisha achia. Ukipotea kabisa, bonyeza kitufe hicho mara moja bila kugusa kibao chochote: utarudi kwenye sauti ya piano kubwa. Kumbukeni hilo, ndilo mlango wa kutokea.

Sauti mbili pamoja. Waweza kuchanganya piano na nyuzi, na waimbaji hupenda sana. Lakini kumbuka ile hesabu ya 64. Sauti mbili hutumia nafasi mara mbili, na ukikanyaga kikanyagio kwa muda mrefu nafasi hujaa, ndipo sauti za kwanza huanza kukatika. Kinanda hakijaharibika. Inua mguu tu.

Mwangwi. Waweza kukifanya kisikike kama kipo katika chumba kidogo au katika ukumbi mkubwa. Katika ukumbi wetu ambao kuta zake hurudisha sauti, tumia mwangwi kidogo kabisa. Ukiongeza, maneno ya wimbo hayatasikika.

Uzito wa mguso. Kuna daraja nne: mgumu, wa kati, mwepesi, na ule usiobadilika. Anayeanza atumie wa kati. Ule usiobadilika hutoa sauti ile ile hata ugonge vipi, nao hauwezi kumfundisha mtu upole wa vidole.

Metronomu. Hiki ni kipimo cha mwendo, hugonga kama saa. Kwa kinanda chetu waweza kuchagua kuanzia mapigo 32 kwa dakika hata 280. Anza na 60, yaani pigo moja kwa sekunde. Ukiweza kupiga wimbo bila kusita kwa 60, ongeza hata 66, kisha 72. Anayeanza na 120 hujifunza makosa yake kwa haraka, tena huyakumbuka.

Hedifoni. Ukizichomeka nyuma, spika za kinanda hunyamaza. Kwa hiyo waweza kujizoeza wakati wenzako wanasoma masomo yao ya jioni, wala hapana atakayelalamika. Shusha sauti kabla ya kuzivaa.

DO MBILI ZINAZOTUGOMBANISHA

Sasa nafika kwenye shida kubwa ya waimbaji wetu. Nimeona vijana wawili wenye masikio mazuri wakibishana robo saa nzima, na kila mmoja alikuwa na haki.

Katika Rwanda tumerithi njia mbili za kuita sauti. Njia ya Kifaransa husema do, ré, mi, fa, sol, la, si, na hapo do ni jina la kibao: ni kibao kile kile siku zote, ambacho Waingereza hukiita C. Njia ya pili ni ile ya herufi d, r, m, f, s, l, t, iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ambayo wamisionari wengi waliifundisha katika Afrika. Humo d ni jina la cheo, kama cheo cha kiranja. Leo kiranja ni huyu, mwakani ni yule. Juu ya wimbo huandikwa kwamba doh ni F, au doh ni G, na kuanzia hapo ngazi nzima huhesabiwa.

Basi mzee aliyesoma kwa Kifaransa akisema, “Nipe do,” anataka kibao cha C. Mwimbaji aliyeshika karatasi yenye herufi akisema, “Nipe doh,” anataka mwanzo wa ngazi ya wimbo ule, ambao waweza kuwa kibao kingine kabisa. Dawa ni ndogo: mpigaji aulize kila mara, “Do ya kibao au doh ya wimbo?” Swali hilo moja limetuokolea mazoezi mengi.

KUHAMISHA SAUTI

Wengi wetu tunaoanza twajua kupiga kuanzia C, kwa vibao vyeupe. Lakini nyimbo zimeandikwa katika ngazi nyingi, kwa kufuata uwezo wa koo za watu. Wimbo uliowekwa katika A bemoli ukiupandisha mpaka C, sauti za kwanza zitapiga kelele na za nne zitapotea njia. Hapo ndipo kinanda cha umeme hushinda piano ya kamba. Kinaweza kuhamisha sauti: vidole vyako hupiga vibao vya C, na kinachosikika ni ngazi nyingine.

Kipimo cha kuhamisha ni nusu-sauti, yaani hatua kutoka kibao kimoja hata kile kinachokifuata, cheupe au cheusi. Chetu chaweza kupanda nusu-sauti 6 au kushuka 6. Hesabu zake ni hizi. Ziandikeni katika daftari:

Doh ni D: panda 2.
Doh ni E bemoli: panda 3.
Doh ni E: panda 4.
Doh ni F: panda 5.
Doh ni G: shuka 5.
Doh ni A bemoli: shuka 4.
Doh ni A: shuka 3.
Doh ni B bemoli: shuka 2.

Pengine mtu atauliza kwa nini G ni kushuka, ingawa G iko juu ya C. Kutoka C kupanda hata G ni nusu-sauti 7, na kinanda chaishia 6. Lakini kutoka C kushuka hata G ya chini ni 5 tu. Ngazi ni ile ile, isipokuwa imekuwa chini. Ikiwa sauti ni nene mno, sogeza mikono yako kulia kwa vibao vyeupe saba.

Sheria moja haina msamaha: ukimaliza wimbo, rudisha sifuri. Anayekuja baada yako hajui ulichokifanya. Atapiga C pamoja na gitaa, na kila mtu atamtazama mpiga gitaa kwa jicho baya bure.

Tena msidhani kwamba kuhamisha kwatosha maisha yote. Mfundishwe vibao vyeusi pia. Siku mtakapokaa mbele ya piano ya kamba, haitakuwa na kitufe cha kuwasaidia. Kuhamisha ni fimbo ya kutembelea mtu anapojifunza, si mguu.

Kuna jambo jingine lililo karibu na hili, nalo ni kupatanisha sauti yote kwa ujumla. Kipimo cha kawaida cha dunia ni La, yaani A iliyo juu ya Do ya kati, itikisike mara 440 kwa sekunde. Kinanda chetu hutoka kiwandani kikiwa 440, nacho chaweza kuteremshwa au kupandishwa kidogo. Msikiguse kipimo hicho ila kwa sababu, kama vile kupiga pamoja na filimbi isiyoweza kubadilika. Lakini inanga na gitaa hubadilika: hivyo ndivyo vikifuate kinanda.

KUKIUNGANISHA NA SPIKA ZA UKUMBI

Spika za kinanda chetu ni ndogo, wati 6 kila moja. Zatosha kwa waimbaji ishirini, hazitoshi kwa ukumbi uliojaa. Tumia waya kutoka tundu la hedifoni hata kwenye mashine ya ukumbi ya kukuza sauti. Utaratibu ni huu: wakati wa kuwasha, kinanda kwanza, mashine ya ukumbi mwisho. Wakati wa kuzima, mashine ya ukumbi kwanza, kinanda mwisho. Ukikosea, spika hupiga kishindo kinachoweza kuzipasua. Weka kipimo cha kinanda katikati, kisha kiasi kilichobaki kiongezwe kwenye mashine. Kumbuka pia kwamba spika za kinanda zitanyamaza, kwa hiyo mpigaji awe mahali anapoweza kusikia spika za ukumbi, la sivyo atapiga kama kiziwi.

KUKITUNZA

Kifunikeni kwa kitambaa kila mara, hasa miezi ya Juni hata Agosti. Kifuteni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Msitumie spiriti wala petroli. Chai isiwekwe juu yake, hata kwa dakika moja, hata na mwalimu. Kila anayekitumia aandike katika daftari siku, saa na jambo lolote aliloliona. Kibao kikianza kukwama, habari ya mapema humsaidia fundi kuliko machozi ya baadaye.

MAZOEZI YA JUMA LA KWANZA

Siku ya kwanza: unganisha kinanda na kukifungasha mara tatu, bila kukiwasha. Siku ya pili: kiwashe kwa utaratibu, utafute Do zote nane kwa macho. Siku ya tatu: badilisha sauti tatu, kila mara urudi kwenye piano kubwa. Siku ya nne: piga d r m f s f m r d kwa mkono wa kulia, metronomu ikiwa 60. Siku ya tano: weka doh ni F, mwenzako aimbe nawe, kisha rudisha sifuri. Siku ya sita: fundisha mtu mwingine yote hayo. Ukishindwa kumfundisha, anza tena siku ya kwanza.

MANENO YA MWISHO

Nchi yetu haikosi watu wa kuimba. Chorale de Kigali imekuwako tangu mwaka 1966, na mwaka 2014 ilianzishwa huko Nyundo shule ya muziki ya vijana. Watu wale hawakuzaliwa wakijua. Palikuwa na mtu aliyewaonyesha mahali pa kuweka kidole.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwenu, vijana wa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne: twataka sita kati yenu, wenye subira kuliko wenye majivuno. Hatutawauliza kama mwajua muziki. Tutawauliza kama mwaweza kusoma maandishi madogo ya adapta na kurudisha sifuri. Njoni chumba cha waimbaji siku ya Jumatano baada ya masomo.

La pili kwenu, ndugu zetu wa zamani. Fedha zenu zimefika, nazo zimekuwa kinanda mnachokisoma habari zake hapa. Sasa hatuombi fedha. Wale kati yenu wanaojua kupiga, twaomba Jumamosi moja katika mwezi, isiyo ile ya mwisho ya umuganda, mje mkae kwa saa moja na kijana mmoja. Sisi watatu twaweza kufundisha vitufe. Muziki wenyewe unawangoja ninyi, na mwezi wa Julai hauko mbali.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita